Nimetangaza tarehe ya albamu, lakini nyimbo tatu zinasikika kama zimeimbwa ndani ya mtungi

Swali: "Nimerekodi nyimbo kumi chumbani kwangu kwa muda wa miezi minane. Ni sauti yangu na gitaa kavu. Rafiki yangu mmoja amepiga fidla katika nyimbo nne na mwingine ameimba sauti ya pili. Ni muziki wa folki, ule wa taratibu wanaouita indi folki. Nyimbo saba nazipenda. Tatu, ambazo nilizirekodi baada ya kuhamia chumba kingine, zinasikika kama nimeimba ndani ya mtungi, tena kuna mvumo unaosikika kila ninaponyamaza. Nimebandika trei za mayai ukutani, hazikusaidia. Rafiki mmoja ananiambia bila studio ya kweli hii haiwezi kuitwa albamu ya studio, nirudie zote. Mwingine anasema makwaruzo ndiyo uzuri wa folki, niziache zilivyo. Ananitajia watu waliorekodi kwenye vibanda vya porini wakafanikiwa. Nimeshatangaza kwamba albamu inatoka baada ya wiki tano. Juzi kampuni ndogo ya muziki imenitumia mkataba wa kurasa mbili: watagharamia kuimalizia na kuisambaza, nami niwape haki zote za rekodi, daima, dunia nzima. Nisaini? Na nyimbo nizitoe zote kwa mpigo au moja moja? Samahani kwa maswali mengi. Hata sauti imeanza kukwaruza kwa wiki sita sasa kwa sababu ya kurekodi usiku, ila wenzangu wanasema inapendeza."

Ndugu yangu, huna haja ya kuomba samahani. Maswali yako yanaonekana mengi, lakini nikiyasoma naona hofu moja chini yake: kwamba kazi ya miezi minane inaelekea kutoka ikiwa na kasoro unayoisikia wazi na hujui inatoka wapi, na siku uliyoitangaza inakuja mbio. Wakati huohuo kila anayekupenda anakuvuta upande wake. Nitasema msimamo wangu kwanza, halafu nieleze. Nyimbo saba ziache. Tatu zirudie. Mkataba huo usiusaini ulivyo. Na tarehe isogeze mbele, maana ndiyo kitu pekee katika orodha yako ambacho kinaweza kubadilishwa bila kuumiza chochote.

Nianze na neno lililokutia wasiwasi bure. "Albamu ya studio" haina maana ya jengo lenye milango minene na meza kubwa ya vitufe. Ni namna tu ya kuitofautisha na albamu iliyorekodiwa jukwaani mbele ya watu, au mkusanyo wa nyimbo zilizokwisha kutoka. Albamu iliyotungwa na kurekodiwa kwa makusudi, wimbo baada ya wimbo, ni albamu ya studio hata kama studio yenyewe ni kitanda na kabati la nguo. Rafiki yako wa kwanza anakutakia mema, ila hapo amekosea.

Wa pili naye amekosea kwa njia iliyo ngumu zaidi kuiona. Kisa cha kibanda cha porini ninakifahamu, na karibu kila mwimbaji wa folki anayeniletea kazi hunisimulia. Ni cha Justin Vernon, anayejulikana kama Bon Iver. Majira ya baridi ya mwaka 2006 kuingia 2007 alikaa kwenye kibanda cha baba yake huko Wisconsin, Marekani, akarudi na nyimbo zilizokuja kuwa albamu ya For Emma, Forever Ago. Aliitoa mwenyewe mwaka 2007, na mwaka 2008 kampuni ya Jagjaguwar ikaitoa upya. Yote hayo ni kweli. Linalosahaulika ni kwamba alipoingia pale alikuwa ameshapiga muziki na bendi kwa miaka, na vifaa vyake vichache alivijua vizuri. Sauti yake ameipanga tabaka juu ya tabaka kwa subira kubwa. Kibanda kilimpa ukimya na muda. Hakikumpa kasoro ambazo watu baadaye walikuja kuzipenda.

Na tuseme wazi: kuna makwaruzo ya aina mbili. Kidole kinachoteleza juu ya waya, pumzi kabla ya ubeti, kiti kinacholia mtu anapojisogeza, hayo humwambia msikilizaji kwamba yupo karibu na mwimbaji. Mlio wa mtungi na mvumo wa umeme humwambia kinyume chake. Humwambia kuna kitu kati yake na wewe. Folki ya aina yako inaishi kwa ukaribu, kwa hiyo kinachouvunja ukaribu huo hakiwezi kuwa pambo lake.

Sasa, mtungi unatoka wapi? Unapoimba, maiki inapokea sauti yako mara mbili. Ya kwanza inatoka mdomoni moja kwa moja. Ya pili imepita, imegonga ukuta, imerudi. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ukuta ulio nusu mita nyuma yako unairudisha ikiwa imechelewa kwa takriban sehemu 3 za elfu za sekunde. Ni muda mfupi mno sikio kuusikia kama mwangwi. Lakini zile sauti mbili zinapokutana ndani ya maiki, masafa mengine, yaani milio ya juu na ya chini iliyomo ndani ya sauti, huongezeana nguvu na mengine hufutana. Kinachobaki ni sauti yenye mashimo, na sikio la binadamu huyatambua mashimo hayo upesi sana: huyu yuko ndani ya kitu. Chumba kikiwa kidogo na kuta zake zikikaribia kulingana urefu, tatizo huzidi, kwa sababu kuta zote zinarudisha na kukuza noti zilezile. Jaribu kupiga noti za chini za gitaa lako moja moja polepole. Ukiona moja inavimba ghafla kuliko jirani zake, hiyo ni noti ambayo chumba chako kinaipenda.

Trei za mayai hazikusaidia kwa sababu haziwezi kusaidia. Ni karatasi nyembamba. Zinagusa masafa ya juu kabisa kidogo, na pale mtungi unapokaa, katikati na chini, sauti inapita kama vile hakuna kitu. Mara nyingi zinafanya chumba kiwe kizito na bado kiwe mtungi. Zaidi ya hayo zinashika moto haraka. Zibandue.

Kinachomeza sauti ni unene: blanketi nzito zilizokunjwa mara mbili tatu, godoro lililosimamishwa, kabati lililo wazi na limejaa nguo. Hapa kuna kosa ambalo wengi hulifanya, na nadhani nawe umelifanya: wanaweka vitambaa nyuma ya maiki. Maiki nyingi za kuimbia husikia zaidi mbele yake na kidogo sana mgongoni. Mbele yake yupo nani? Wewe, na ukuta ulio nyuma yako. Kwa hiyo godoro liweke mgongoni kwako. Usisimame katikati kabisa ya chumba wala pembeni kwenye kona, na usiimbe ukiwa umeutazama ukuta kwa karibu.

Halafu sogea. Kila unapopunguza umbali kati ya mdomo na maiki kwa nusu, sauti yako ya moja kwa moja huongezeka kwa desibeli 6 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), lakini ile inayorudi kutoka kuta hubaki karibu vilevile. Kutoka sentimita 60 hadi 30, kisha 15, umeshaushinda ukuta kwa desibeli 12 bila kununua chochote. Ukiwa karibu namna hiyo maiki hizi huongeza pia besi ya sauti, na ndiyo maana mwimbaji wa folki anayenong'ona husikika kama ameinama sikioni mwako. Herufi "p" na "b" zitapuliza. Geuza maiki kidogo iwe pembeni ya mdomo, pumzi ipite kando.

Gitaa nalo lina mahali pake. Wengi huelekeza maiki kwenye tundu kwa kuamini ndiko sauti inakotokea. Tunduni kuna besi ya hewa inayovuma, basi. Ielekeze kwenye freti ya 12, yaani chuma cha kumi na mbili kilichopita shingoni mwa gitaa, au karibu na pale shingo inapoungana na kasha, umbali wa sentimita 20 hadi 30. Sogeza kidole kimoja kushoto, kidole kimoja kulia, usikilize kila mara kwa hedifoni. Tofauti utakayoisikia ni kubwa kuliko ya kununua maiki nyingine.

Mvumo: vaa hedifoni, fungua maiki, usifanye chochote kwa dakika nzima. Rekodi ukimya wenyewe. Utasikia friji ya chumba cha pili, feni ya kompyuta, chaja ya simu iliyo kwenye soketi moja na vifaa vyako, taa yenye swichi ya kupunguza mwanga. Zima kimoja kimoja hadi mvumo ukatike. Umeme wa majumbani hutetema mara 50 au 60 kwa sekunde kulingana na nchi, na hiyo ndiyo noti ya chini unayoisikia. Katika muziki wa makelele ingezama. Kwako nafasi za kimya ni nyingi, na kila unapozibana sauti, yaani kuzisogeza kubwa na ndogo zikaribiane, ili nong'ono lisikike, mvumo nao unapanda. Programu za kuondoa kelele zipo, lakini ukizikaza zinakula mikia ya noti na pumzi, yaani vitu vilevile ambavyo umekesha kuvipata.

Niliwahi kukaa na mwimbaji mmoja karibu saa nzima tukitafuta mlio mdogo, tik, uliokuwa ukitokea katikati ya kila ubeti. Tukabadilisha waya, tukabadilisha kiti, tukamwondoa hata saa ya mkononi. Kilikuwa kifungo cha shati kikigusa mgongo wa gitaa kila alipovuta pumzi kubwa. Alipovaa fulana, ukaisha. Nakueleza hili ili ujue kwamba kasoro nyingi za nyumbani zina chanzo kimoja kidogo, na kukitafuta chanzo hicho ni kazi yenye staha kama kuimba kwenyewe.

Huenda unajiuliza kama ukodi studio. Kwa nyimbo tatu, siku moja ya studio inaweza kuwa na maana: utapata ukimya, chumba kilichopimwa na, bora kuliko vyote, masikio ya mtu mwingine. Wala studio haiui ukaribu. Mwimbaji wa folki Nick Drake alirekodi albamu yake Pink Moon katika studio ya Sound Techniques, London, kwa usiku mbili za Oktoba 1971. Ni sauti na gitaa lake, na piano kidogo kwenye wimbo mmoja, na hadi leo mtu akiisikiliza anahisi wako wawili tu chumbani. Albamu nzima ina kama dakika 28, kwa hiyo usidhani pia kwamba nyimbo kumi ni chache.

Lakini nina sababu mbili za kukusihi ujaribu nyumbani kwanza. Moja ni saa. Studio inalipiwa kwa muda, na mtu anayeimba taratibu huku akihesabu dakika huimba kwa kukaza shingo. Ya pili ni kwamba nyimbo zako saba zina sauti ya chumba kimoja. Ukizichanganya na tatu za studio safi kabisa, msikilizaji atahisi amehamishwa nyumba katikati ya albamu, na safari hii saba zile unazozipenda ndizo zitakazoonekana dhaifu. Rudia kwa blanketi na umbali wa karibu, jioni mbili au tatu. Kama bado mtungi upo, kodi.

Jambo moja zaidi kabla hatujatoka chumbani. Hukusema kama unaimba na kupiga kwa wakati mmoja. Kama umezoea kufanya hivyo ukiwa peke yako, rekodi hivyohivyo. Mwimbaji wa folki huvuta na kuachia mapigo kadiri maneno yanavyomtaka, na vidole vyake vinafuata. Ukipiga gitaa kwanza kisha ukaimba juu yake, unaimba ukimfuata mtu wa jana. Ni kweli sauti itavujia kwenye maiki ya gitaa na gitaa kwenye maiki ya sauti, na hutaweza kurekebisha kimoja bila kugusa kingine. Ukipata maiki inayosikia mbele na nyuma na kuwa kiziwi ubavuni, elekeza ubavu wake kwenye gitaa, nusu ya tatizo inaondoka. Nusu iliyobaki, kubaliana nayo. Afadhali pigo moja kamili lenye uvujaji kuliko vipande safi visivyopumua pamoja.

Nyimbo zote zikishakuwa tayari, tafuta mtu mwingine afanye masteringi, yaani hatua ya mwisho ya kuziweka nyimbo zote katika usawa wa sauti na rangi moja. Hapa ndipo ningeshauri utumie fedha ulizo nazo, hata kama ni kidogo, kwa sababu ni kitu kimoja usichoweza kujifanyia: wewe umezisikia nyimbo hizi mara mia, masikio yako yameshazisamehe. Mwambie kabisa hutaki nyimbo zipandishwe sauti hadi zipige kelele. Jukwaa kama Spotify hushusha au kupandisha nyimbo zifikie kiwango kimoja, kwa kawaida LUFS 14 chini ya sifuri (LUFS ni kipimo cha jinsi sikio linavyouona ukubwa wa sauti), kwa hiyo wimbo uliobanwa hadi ukapiga ukelele unashushwa tu na kubaki umebanwa. Mwombe aache kilele chini ya sifuri kwa desibeli 1. Umpelekee faili za biti 24, si zile zilizokwisha kubanwa kwa ajili ya simu.

Kazi hiyo ina mipaka, na nataka uijue. Mwanamuziki wa Marekani Bruce Springsteen alirekodi albamu ya Nebraska nyumbani mwaka 1982 kwenye mashine ya kanda yenye njia nne za kurekodia, akajaribu kuzirudia nyimbo zake na bendi yake studioni, akaona zimepoteza kitu, akaamua kanda ile ndiyo albamu. Ilitoka mwaka huohuo. Lakini kuihamisha kanda hiyo hadi kwenye santuri kuliwapa mafundi taabu kubwa. Fundi wa mwisho anaweza kulainisha, kusawazisha na kusogeza. Mtungi hawezi kuutoa. Ndiyo maana ninakurudisha kwenye zile nyimbo tatu badala ya kukuambia atazirekebisha mtu mbele ya safari.

Tuje kwenye mkataba, na hapa naomba usome taratibu. Wimbo mmoja uliorekodiwa una mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni utunzi: maneno na melodi, ambavyo ni vyako hata kama usingerekodi kamwe. Ya pili ni rekodi yenyewe, ile masta. Zinalipa kwa njia tofauti, zinaweza kumilikiwa na watu tofauti, na hakimiliki yake inaanza kazi ilipokamilika bila kusubiri usajili, ingawa usajili husaidia sana kukusanya mirabaha na kuthibitisha jambo likileta ubishi. Kampuni hiyo inataka ya pili, yote, milele. Maana yake ni kwamba ukitaka miaka kumi ijayo kuitoa upya, kumpa mtu wa filamu wimbo mmoja, au kuiondoa mahali, utaenda kuomba ruhusa kwa wenye kazi yako. Kama kampuni itafungwa, masta zitauzwa pamoja na viti.

Sisemi ni watu wabaya. Kampuni ndogo yenye bidii inaweza kukufikisha kwa wasikilizaji ambao peke yako ungechukua miaka kuwafikia, na kazi ya usambazaji inachosha. Lakini kuna njia ya kati ambayo ni ya kawaida kabisa: unawakodisha rekodi kwa muda maalumu, tuseme miaka mitano au saba, kisha inarudi kwako. Mkataba wa namna hiyo huandika wanachotakiwa kufanya na kwa muda gani, watakuletea hesabu mara ngapi kwa mwaka, na gharama zipi watajikata kabla hujaona chochote, zikiwa na kikomo. Kurasa mbili zinazotaja unachotoa kwa urefu na unachopata kwa mstari mmoja hazijafikia hapo. Waambie unapendelea muda maalumu. Wakikubali kujadiliana, umepata watu wa kufanya nao kazi. Wakikasirika, umejua mapema. Kwa vyovyote, mpelekee mwanasheria anayejua mikataba ya muziki kabla ya kalamu kugusa karatasi, na uonane naye uso kwa uso ukiwa na maswali yako. Mimi nafahamu sauti. Sheria ya nchi yako aifafanue mwenye kazi yake.

Na hapa kuna jambo ambalo hukuliuliza. Rafiki wa fidla na rafiki wa sauti ya pili wana haki zao katika yale waliyoyapiga. Fidla ile aliitunga mwenyewe, au ulimwimbia akafuata? Ikiwa aliibuni melodi inayobeba wimbo, anaweza kuwa mtunzi mwenza. Keti nao jioni moja, andikeni kwa kila wimbo: nani katunga nini, asilimia ngapi, nani kalipwa na kamaliza, majina yaandikwe vipi. Sahihi zenu wote, nakala kwa kila mmoja. Fanyeni hivyo sasa mkiwa bado mnacheka pamoja. Ukisaini na kampuni kabla ya hapo, unaahidi mali ambayo huenda si yako peke yako.

Sasa utoaji. Wiki tano zingetosha kama ungekuwa na kazi iliyokamilika leo. Wewe una nyimbo tatu za kurudia, masteringi, jalada, makubaliano na wenzako. Wasambazaji wa kidijitali wanaohitajika ili muziki ufike kwenye majukwaa hupendekeza uwapelekee faili wiki kadhaa mapema, maana kosa dogo la jina au picha linaweza kuirudisha nyuma. Spotify hukuruhusu kuwaombea wahariri wao wausikilize wimbo ambao bado haujatoka, na ukiwapelekea angalau siku 7 kabla, wimbo huo huingia pia kwenye orodha ya nyimbo mpya ya wanaokufuata. Ukipeleka usiku wa kuamkia siku yenyewe, mlango huo umefungwa. Chagua Ijumaa, tangu Julai 2015 ndiyo siku ya kutolea muziki mpya karibu dunia nzima.

Moja moja au kwa mpigo? Kwa muziki wako ningetoa nyimbo mbili kwanza, labda tatu, kila moja ikipewa mwezi au zaidi, halafu albamu nzima. Kila singo inakupa sababu ya kuzungumza na watu tena na nafasi nyingine ya kuwaomba wahariri. Ukizidisha, ukatoa sita kati ya kumi, siku ya albamu watu watakuwa wameshaila. Singo ya kwanza isiwe lazima ile yenye kasi kuliko zote. Iwe ile ambayo mtu asiyekujua akiisikia atajua aina ya ukimya unaomwalika. Kila rekodi ina namba yake ya utambulisho, ISRC, yenye herufi na tarakimu 12. Wimbo uliotoka kama singo uingie kwenye albamu na namba ileile. Ukipewa mpya kwa bahati mbaya, hesabu ya waliousikiliza inaweza kugawanyika, kana kwamba ni nyimbo mbili.

Weka pia mahali ambapo msikilizaji anaweza kuinunua moja kwa moja. Wapenzi wa folki bado wananunua albamu nzima, na Bandcamp, iliyoanza 2008, hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali na kumwachia msanii sehemu kubwa. Santuri iache kwa sasa. Inachukua miezi kutengenezwa na kila upande hubeba dakika 20 hivi kwa ubora mzuri. Ukiona watu wanaiulizia, utaitoa baadaye bila aibu yoyote.

Kuwaambia watu kwamba umesogeza tarehe ni kazi ya sentensi mbili. "Albamu itachelewa kidogo kwa sababu nyimbo tatu zinastahili kurekodiwa upya. Nitawatangazia siku mpya zitakapokuwa mkononi mwangu." Wanaokusubiri watasubiri. Wala usitaje tarehe nyingine mpaka faili za mwisho ziwe zimetoka kwa fundi wa masteringi na karatasi za wenzako zimesainiwa.

Nimeiacha sauti yako hadi mwisho ili usiipite haraka kama ulivyoitaja. Wiki sita za kukwaruza si mtindo. Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili midogo kooni inayogongana zaidi ya mara mia kwa kila sekunde unapoimba. Ukiimba usiku ukiwa umechoka, tena kwa sauti ya chini iliyobanwa ili usiwaamshe wengine, mikunjo hiyo haifungi vizuri na inasuguana. Inavimba, na ikiendelea kusuguliwa inaweza kuota vinundu. Kunong'ona siku nzima ukidhani unaipumzisha mara nyingi kunaikaza zaidi. Sauti inayokwaruza zaidi ya wiki tatu au nne inapaswa kuangaliwa na daktari wa masikio, pua na koo, ambaye ataingiza kamera ndogo na kuona kwa macho kilichopo. Kama kuna maumivu ya kumeza, damu, uvimbe shingoni au pumzi inayobana, nenda leo. Mara nyingi dawa ni mapumziko, maji na mazoezi ya sauti yanayoelekezwa na mtaalamu, na vinundu vingi vikiwahiwa hulegea bila upasuaji.

Kwa hiyo nyimbo tatu usizirudie wiki hii. Onana na daktari kwanza. Akikwambia pumzika mwezi mzima, pumzika, na wakati huo kaa na godoro lako na maiki, rekodi gitaa peke yake kwenye freti ya 12 hadi chumba kikuzoee. Utakaporudi kuimba, imba mchana.